Mpwa Wangu, Usiiuze Hiyo Boxer

Mpwa wangu,

Picha uliyonitumia nimeiona. Yamaha YZF-R6 ya buluu, mtumba wa Japani, imeegeshwa mbele ya ukuta mweupe na kupigwa picha upande mmoja tu. Umeniuliza kama bei yake ni nzuri. Bei naiacha kwanza, kwa sababu maneno uliyoandika chini ya picha ndiyo yaliyonikalisha chini nikuandikie: kwamba hiyo ndiyo itakuwa pikipiki yako ya kazini, ya sokoni na ya safari, na kwamba hiyo Boxer uliyonayo utaiuza ili kujazia hela.

Nikutoe wasiwasi mapema. Mjomba wako si katika wale wazee wanaoamini kwamba kila pikipiki yenye maganda ya plastiki ni kazi ya shetani. Suzuki GSX-R750 ilipotoka mwaka 1985 nilikuwa kijana wa rika lako, na picha yake niliikata gazetini nikaibandika ukutani. Honda Fireblade ya 1992, Yamaha R1 ya 1998, na hii R6 iliyofuata mwaka 1999, zote nilizisoma kabla sijaziona kwa macho. Mpaka leo ukinikuta nimesimama kando ya mojawapo pale Masaki, usiniite, niache nimalize kutazama. Sikuambii kwamba ni mashine mbaya. Nakukataza kuifanya iwe moja tu, isiyo na mwenzake.

Jiulize ilitengenezwa kwa ajili gani. Pikipiki za mtindo huu zilizaliwa kwenye sheria za mashindano: ili kampuni iruhusiwe kushindana na mashine fulani, ilibidi mashine hiyo iuzwe pia kwa watu wa kawaida, ikiwa na taa na vioo. R6 ni ya ukoo huo. Injini yake ya sisi (cc) 599 ina silinda nne, inazunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika, na inatoa nguvu za farasi kama 120. Boxer yako ya 150 inatoa kama 12. Toyota IST ya injini ndogo, ile inayobeba watu watano na mabegi yao mjini kote, ina farasi 87, na yenyewe ina uzito wa karibu tani moja. R6 ikiwa na mafuta tele haifiki kilo 200. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo kutoka Goba hadi Posta, ukifuata vibao vya 50, hutakuwa na sababu ya maana ya kuingia ya pili.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, maana vijana mnadhani wazee tunahofia mwendo. Mwendo nitaufikia. Kinachonitisha zaidi ni jinsi pikipiki hii inavyojisikia ikienda polepole.

Usukani wake uko chini, vikanyagio viko juu na nyuma, na tangi limekulazimisha kulala mbele. Uzito wa kiwiliwili chako wote unaangukia kwenye viganja. Ukiwa kwenye kilomita 110 au 120 upepo unakupiga kifuani na kukuinua, mikono inakuwa myepesi, na unaona kila kitu kimekaa mahali pake. Ukiwa kwenye 40, upepo huo haupo. Utafika kituo cha Morocco vidole vimekufa ganzi, na shingo inakuuma kwa kuinuliwa muda wote ili uone mbele. Gia ya kwanza nayo ni ndefu mno kwa foleni, basi unaishi ukiicheza klachi nusu nusu, na mkono wa kushoto unachoka kabla hujafika Morocco hiyo hiyo unayoidharau kwa ukaribu wake. Halafu kuna joto. Injini ile hupozwa kwa maji. Ukisimama, feni ya rejeta huwaka maji yakifika kwenye nyuzi mia hivi, na hewa yote ya moto inaishia mapajani mwako. Fanya hivyo mwezi wa pili, saa nane mchana, ukiwa umevaa jaketi unalopaswa kuvaa. Ndiyo maana wengi wanaoziendesha utawaona wamelivua.

Sasa jumlisha mambo hayo. Pikipiki inakutesa unapotii sheria na kukubembeleza unapoivunja. Ukienda 50 inakuchoma, inakufinya, inanung'unika. Ukifungua mafuta, mateso yote yanaisha kwa mara moja. Hakuna kijana anayetoka nyumbani amekusudia kukimbia 130 karibu na Makumbusho. Anafika huko kwa sababu mwili wake umegundua kwamba ndiko kuna nafuu. Mtu mwenye pikipiki mbili hupatwa na kishawishi hicho Jumapili asubuhi, barabara ikiwa nyeupe. Wewe utakuwa nacho kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, uchovu ukiwa umekujaa.

Mwendo, basi. Jiji hili zima limezoea mwendo wa Boxer. Dereva wa bajaji anayetaka kugeuza pale Mwenge hutupa jicho moja kwenye kioo, huona pikipiki, na kichwani mwake pikipiki ni kitu kinachokuja kwa 50, labda 60. Anakadiria nafasi anayo, anageuza. Hesabu hiyo haijamwangusha, kwa sababu pikipiki karibu zote anazokutana nazo kutwa zinaenda hivyo. Mama anayevuka na mtoto mkononi anatumia hesabu hiyo hiyo, na kondakta anayeshuka kabla daladala halijasimama. Kwenye kilomita 50 kwa saa unameza mita 14 kila sekunde. Kwenye 100 ni mita 28, kwenye 140 ni karibu 39. Sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mkono haujagusa breki, imeshakula urefu wa mabasi mawili au matatu. Wote hao watakuwa wamekuona, mpwa wangu. Watakuwa wamekuona na bado wakaingia mbele yako.

Kuna taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, ambayo mwaka 2007 ilitoa hesabu za vifo kwa aina za pikipiki. Waendeshaji wa hizi za jamii ya R6 na R1 walikuwa wanakufa karibu mara nne kuliko wa pikipiki za aina nyingine, kwa kulinganisha pikipiki zilizosajiliwa. Unaweza kusema kwamba ni vijana wakorofi ndio wanaozinunua, na kwa sehemu ni kweli. Lakini hao walikuwa na barabara pana na alama zilizochorwa zikaonekana, na hawakuwa na bajaji.

Barabara zetu nazo unazijua, sina haja ya kukuhubiria. Kutoka lami hadi mlangoni kwenu kuna ule mteremko wa udongo ambao masika hata fundi wa Boxer anauteremka miguu ikiburuta. R6 ina nafasi ya sentimita 13 tu kati ya tumbo lake na ardhi, na tumbo hilo limevikwa plastiki. Matuta ya mtaani kwenu hayakujengwa na mtu aliyewahi kuisikia. Tairi lake la nyuma lina upana wa milimita 180, limetengenezwa lishike lami yenye joto. Kwenye matope halina meno ya kuuma chochote, na kwenye mchanga ule unaokusanyika kandokando ya Barabara ya Bagamoyo ni hivyo hivyo. Kiti kiko juu, sentimita 85 kutoka chini, na usukani haukati kona. Kugeuza kwenye uchochoro wa Kariakoo utashuka usukume, na wapiga debe watakushangilia.

Ikianguka ikiwa imesimama tu, stendi ikizama kwenye udongo, Boxer hupinda mkono wa klachi na fundi wa kijiweni akaunyoosha kwa nyundo. R6 ikilala upande, kioo kimeondoka, ganda limepasuka, mkono wa klachi umevunjika, na spea hazipo kwenye maduka ya Gerezani. Utaagiza, utasubiri, na utakapokuwa unasubiri huna usafiri, kwa sababu Boxer uliiuza.

Vidogo vidogo nipitie haraka. Oili iwe yenye alama ya JASO MA, maana klachi inaogelea humo humo. Oili ya gari inaweza kuifanya iteleze. Petroli ya kwenye chupa ya soda isahau kabisa. Boxer inatembea zaidi ya kilomita 40 kwa lita bila kujitahidi. R6 kwenye foleni ukipata 15 mshukuru Mungu. Na tafuta mapema fundi pancha anayejua kufungua tairi lile bila kukwaruza rimu, kabla hujapata pancha yenyewe.

Mizigo. Hili naona hukulifikiria hata kidogo. Nani anabeba mtungi wa gesi wa kilo 15 pale nyumbani? Nani aliupokea mchele wa Kyela uliokuja na basi? Kile kipande cha sponji walichokiita kiti cha abiria kiko juu ya mgongo wako, na miguu ya anayekaa pale inakunjwa mpaka magoti yakaribie kidevu. Dada yangu, yaani mama yako mzazi, ana goti bovu, na wewe ndiye unayempeleka kliniki. Nieleze atapandia wapi. Kutumia mashine ile kwa kazi hizo ni kuchukua ngalawa ya mashindano ukaenda nayo Rufiji kupakia boriti.

Mtaani kwetu hapa kuna kijana, sitamtaja, aliyefanya unachotaka kufanya. Mwanzoni tulimsikia akitoka kila asubuhi, tukajua ni saa ngapi bila kutazama saa. Baadaye akawa anatoka siku ambazo hakuna mawingu. Kisha siku zisizo za foleni. Sasa pikipiki iko chini ya turubai, betri imekufa, na yeye nakutana naye kituoni akigombea daladala kama sisi wengine. Kila baada ya muda huichaji, huitoa Jumapili, huenda na wenzake Bagamoyo. Hapo ndipo roho yangu inapodunda. Yeye aliyekuwa anaendesha kila siku kwenye Honda yake ndogo aliyoiuza sasa anaendesha mara chache, na hizo chache anazifanya juu ya mashine inayohitaji mikono iliyozoea kuliko zote. Mikono husahau. Breki ile ya mbele ina diski mbili. Ikiminywa kwa nguvu za woga juu ya mchanga, gurudumu linateleza kabla hujamaliza kusema uh. Tena anaendesha katikati ya kundi, na mwendo wa kundi hupangwa na aliye mbele, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uzoefu. Wa mwisho ndiye anayelipa.

Najua utanijibu kwamba kiingiacho mjini si haramu, na kwamba Ulaya na Japani watu wanaziendesha kazini. Wapo wachache. Lakini wenzetu wana mahali pa kuzimalizia hamu: Mwingereza hulipa akaingia Brands Hatch, Mjapani akaingia Suzuka, akakimbia mchana kutwa pasipo na mtu wa kuvuka. Isitoshe, huko Ulaya Yamaha wenyewe waliacha kuiuza R6 kama pikipiki ya barabarani baada ya 2020, wakaendelea kuiuza kwa ajili ya viwanja vya mbio tu. Hawakufanya hivyo kwa huruma, sheria za moshi zilikuwa zimekaza na wanunuzi wamepungua. Lakini wanunuzi walipungua kwa nini? Wengi walikuwa wamehamia kwenye pikipiki za kukaa wima, baada ya viganja kuwafundisha.

Wewe unataka nini hasa? Ukiwa unataka sura, sura ipo kwa bei nyepesi. Yamaha R15 ya sisi 155 ina uso ule ule, na kwenye foleni haikupiki. Ukitaka nguvu ya kukutoa Chalinze hadi Morogoro bila malori kukusukuma, Kawasaki Ninja 300 au 400 ina silinda mbili, usukani umeinuliwa kidogo, na injini inavuta vizuri tangu chini. Ukinisikiliza mimi, tafuta Honda CB400 Super Four. Japani leseni imegawanywa kwenye sisi 400, ndiyo maana Wajapani wametengeneza pikipiki nzuri nyingi za ukubwa huo, na mitumba yake inafika mpaka kwetu. Ina silinda nne na ile sauti uipendayo, lakini mtu anakaa juu yake akiwa wima na mwenzake anakaa nyuma bila kuomba radhi. Ukiwa na hela zaidi kuna Honda CB500X, hiyo hata njia ya kwenu haitaiogopa, na utafunga begi ukaenda Lushoto. Na kama unajali kufika tu, mabwana shamba wa nchi hii walizunguka vijiji vyote kwa Honda XL125 na Yamaha DT, sijawahi kusikia waliomba R6.

Au baki na Boxer, uongeze akiba, na siku utakapokuwa na nyumba yenye geti na mahali pa kuweka mbili, R6 tutaitafuta pamoja. Siku hiyo nitakuja kuijaribu mimi wa kwanza, na nitakudai zamu yangu kila mwezi. Ikiwa ya pili, dosari zote nilizozitaja zinakwisha maana: joto halina shida kwa mtu aliyetoka saa kumi na mbili asubuhi, mzigo unabaki kwa Boxer, mvua ikinyesha unaichukua nyingine.

Lakini kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu na ubishi umeurithi upande wetu, nadhani utakwenda kuiona hata hivyo. Basi usiende kipofu. Muulize muuzaji kwa nini upande wa pili hakuupiga picha. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Injini uiguse mwenyewe iwe baridi, ndipo iwashwe, maana iliyopashwa moto inaficha mengi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na za kwenye kadi, herufi kwa herufi. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, kikitoka na oili, sili zimekwisha. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, utazame vizuizi vyake. Vikiwa vimebonyea, iliwahi kutupwa chini kwa nguvu. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mwaka huo, hata likiwa na kashata zake zote, mpira umeshakuwa mgumu na halifai kwa mashine hiyo.

Kofia usinunue ile ya kijiweni. Tafuta yenye alama ya E ndani ya duara, ya kiwango cha ECE 22.05 au 22.06, na ikubane mashavu. Watafiti wa Cochrane walipokusanya tafiti za nchi mbalimbali waliona kofia inapunguza vifo kwa waliopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kwa kila pikipiki, hata Boxer, hata ukienda dukani. Glavu na viatu vya kufunika kifundo pia. Nikikukuta na kandambili juu ya chochote chenye magurudumu mawili, tutaongea lugha nyingine. Na bima iwe kubwa, bima ndogo itamlipa uliyemgonga tu.

Jingine. Fundi mmoja rafiki yangu ana CB400 ya mteja anayetaka kuiuza. Taa ya nyuma imepasuka na tangi lina mkwaruzo, mengine nimeyakagua mwenyewe. Nimemwomba asiiuze mpaka uione. Mama yako usimwambie bado, niachie mimi nitamwanzia. Njoo Ijumaa na Boxer yako, saa kumi na moja jioni, tukutane Mwenge. Usiniambie twende Jumapili barabara ikiwa wazi. CB400 hiyo tutaijaribu foleni ikiwa imeshika, kutoka hapo hadi Morocco na kurudi, kisha utanieleza viganja vinasemaje.

Mjomba wako.